Pemba ya huku si kisiwa

Mtanzania ukimtajia pemba anawaza karafuu. Hapa Lubumbashi, Kongo, pemba ni udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo. Unauzwa sokoni kwa madonge, wajawazito wanautafuna, na kwa miaka sita niliyokaa mji huu nimeupita bila kuuuliza habari zake.

Mimi ni mtu wa makaratasi ya malori. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanaikatiza Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, na kuanzia hapo yanakuwa maumivu ya kichwa changu. Nimepanga Kamalondo, kwenye ua wa mama mjane anayeishi na mama yake mzazi. Huyo mzee sote tunamwita Kambo. Kambo kwa Kiswahili cha huku ni bibi au babu, na bankambo ni wahenga. Neno ni hilo hilo kwa aliyekaa kwenye mkeka na kwa aliyezikwa zamani, na mwanzoni lilinichanganya: niliambiwa "bankambo wanasikia" nikageuka kutafuta wazee waliokaa wapi.

Mwezi wa sita binti wa mama mwenye nyumba alijifungua mapasa, yaani mapacha. Ua ukajaa wanawake, madebe yakapigwa, zikaimbwa nyimbo ambazo mimi niliyelelewa na Wamoravian wa Rungwe siwezi kuziandika hapa. Mapasa huku hupokewa kwa matusi. Matusi ya heshima, kama kitu hicho kipo. Na kila aliyeingia getini alipakwa pemba usoni.

Nilikuwa natoka kazini. Kambo akanijia na bakuli, nikarudi hatua nyuma. "Hapana Kambo, mimi ni Mkristo."

Yeye ni Mkatoliki tangu kabla sijazaliwa. Akanitazama kuanzia viatu, akasema, "Udongo njo unaogopa, baba? Na ile pete ku kidole, Yesu alivalaka?" Hakungoja jibu, akaenda kumpaka mwingine.

Kesho yake akaja mchungaji wa kanisa la uamsho anakosali baba wa watoto. Suti, tai, pete nene ya ndoa. Akaamuru akina mama wanawe nyuso, akisema ule weupe ni mkataba na mizimu. Walinawa. Mimi nilikaa pembeni macho yakiwa kwenye kidole chake, kisha kwenye changu.

Usiku nilisoma hadi umeme ukakatika. Pete ya uchumba ni ya Warumi, waliivisha kama dhamana ya mapatano kabla Ukristo haujafika kwao. Kidole chenyewe kilichaguliwa kwa sababu watu wa kale waliamini kuna mshipa unaotoka pale moja kwa moja hadi moyoni. Waandishi wa Kirumi walisema habari hiyo inatoka kwa Wamisri. Mwaka 866 Papa Nikolao wa Kwanza akiwaeleza Wabulgaria jinsi Wakristo wa Roma wanavyooana, pete imo na shela imo, tayari vimeshakuwa vya kanisani. Hakuna bibi harusi aliyeambiwa anawe.

Ukitaka kucheka zaidi, chukua kalenda ya Kifaransa iliyo ukutani mwa kila ofisi hapa. Lundi ni mwezi wa angani, ambao Warumi waliuabudu. Mardi ni Mars wa vita, mercredi ni Mercury, jeudi ni Jupiter, vendredi ni Venus. Wakristo wengine jambo hili liliwakera kweli: Quaker wakayatupa majina hayo wakawa wanasema siku ya kwanza, siku ya pili, na Wareno hadi leo wanahesabu tu, Jumatatu kwao ni ya pili. Sasa Kambo, bila kumsoma Quaker yeyote, anasema siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano, halafu siku ya posho, ambayo ni Jumamosi, siku wafanyakazi walipogawiwa chakula enzi za wakoloni. Inayofuata ni siku ya Mungu. Kalenda ya Kambo ina Mungu mmoja. Ya mchungaji ina miungu mitano, na ameitundika chini ya msalaba.

(Sisi Watanzania tusijicheke sana. Tunahesabu kuanzia Ijumaa ya Waislamu, na tumefanikiwa kuwa na tano mbili zilizofuatana: Jumatano, kisha Alhamisi, ambayo ni ya tano kwa Kiarabu.)

Krismasi nairuka. Ubishi wa 25 Desemba na sikukuu ya jua la Kirumi hata wasomi hawajaumaliza; wengine wanasema tarehe ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa toka 25 Machi. Kambo ana Noeli yake anayoikumbuka: mwaka 1974 Mobutu aliifuta siku hiyo kwenye orodha ya mapumziko, mumewe akaenda kazini kama kawaida, jioni wakala kuku kimya kimya.

Kilichonikaa kichwani ni barua ya mwaka 601. Papa Gregori alikuwa amepeleka wamisionari Uingereza, akawaandikia wasibomoe mahekalu ya wenyeji. Wavunje sanamu, wanyunyize maji ya baraka, na wale ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa mashetani wachinjwe sasa kwa karamu ya kumshukuru Mungu. Yaani Mwingereza alipewa nafasi aje na ng'ombe wake. Bibi wa Kamalondo anaambiwa anawe.

Nilipomweleza Kambo hayo hakushangaa. Yeye na mumewe walikuwa wa Jamaa ya Kolwezi, kundi la waumini Wakatoliki la Baba Placide, ndivyo walivyomwita padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji. Mapadre wengi walikuja kufundisha. Huyu alianza kwa kuuliza watu wanatamani nini maishani. Majibu yakawa mafundisho yenyewe, kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Na tangu mwaka 1988 Roma imeidhinisha misa ya kanisa la Kongo ambayo ndani yake bankambo wenye moyo mnyofu wanaitwa pamoja na watakatifu. Kambo anawaita kila siku ya Mungu, kwa muhuri wa Vatikani.

Kisha akaniuliza kwetu tunafanyaje. Nikamsimulia Pasaka ya Wamoravian: alfajiri kabla jua halijatoka tunakwenda makaburini na tarumbeta, desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, tunaimba ufufuko tukiwa tumesimama kati ya babu zetu. Alicheka hadi akakohoa. "Njo ile ile, baba!" Sikumwambia jingine, kwamba Kyala, jina la Mungu katika Biblia yetu ya Kinyakyusa, lilikuwa likitajwa kwenye matambiko kabla wamisionari hawajafika Rungwe mwaka 1891. Angekohoa zaidi.

Sisemi kila cha bankambo kipite. Mama mwenye nyumba alipofiwa, mashemeji walibeba friji, kitanda na mashine ya kushonea kwa jina la desturi, na hapo ningependa sana kumwona mtu wa Mungu akisimama getini na kukemea. Hakuna aliyekuja. Mashemeji wale wanasali, mmoja ni shemasi. Kumbe ukemeaji nao huchagua: udongo wa shilingi mbili unakemewa, friji linapita.

Jioni ya siku ya Mungu, wageni wamepungua, Kambo alilitoa tena bakuli. Safari hii hakusema neno, alilishika tu. Nikainama. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, akachora mstari mmoja kwenye paji la uso wangu, akapuliza unga uliobaki, akarudi kwa vitukuu vyake.

Kesho yake, siku ya kwanza, nilikuwa Kasumbalesa saa mbili asubuhi. Nilidhani nimenawa vizuri. Dereva mmoja wa Tunduma alininyooshea makaratasi, akanitazama nyusi, akauliza, "Kaka, siku hizi unapaka rangi nyumba za watu?"