Mita 10 ambazo refa wa video hazigusi

Katika NRL, ligi ya raga ya wachezaji 13 ya Australia, kila raundi ikiisha malalamiko ni yale yale: refa ameharibu mechi, kamera ziongezwe. Naona dawa hiyo inapakwa mahali pasipouma. Maamuzi mengi yanayogeuza mechi ya raga ya wachezaji 13 hayafiki kabisa kwenye chumba cha video, ambako marefa hurudia picha.

Aliyezoea raga ya wachezaji 15 au saba aelewe kwanza kwamba hapa mpira haugombewi chini. Timu inakabwa mara sita, kisha inaukabidhi. Baada ya kila mkabo, mwenye mpira anainuka, anauweka chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu. Walinzi wawili wanaruhusiwa kusimama mbele yake. Wenzao wote warudi mita 10. Yote hayo huchukua sekunde tatu au nne, na timu zinazojua ukabaji huiba muda humo humo. Nusu sekunde ya kumlalia mtu inatosha kuipanga upya safu nzima ya ulinzi.

Sasa tazama kazi ya refa. Anasimama kwenye ule mstari wa mita 10, sambamba na walinzi, macho yakielekea mpira. Anapaswa kuona kama mkabaji ameachia, kama mguu umeugusa mpira, kama walinzi wawili wa mbele wamesimama wima mbele ya mpira au pembeni, kama winga wa kushoto ametoka mapema, na bado ahesabu mikabo. Akigeuza shingo kuangalia mstari, mkabaji anapata sekunde ya bure. Akikazia macho mpira, mstari unasogea hadi mita nane. Kwa shingo moja kazi hiyo haiwezekani, hata refa awe hodari namna gani.

NRL ililijua hilo. Kuanzia 2009 kulikuwa na marefa wawili uwanjani, mmoja karibu na mpira na mwingine kwenye mstari. Mei 2020, ligi iliporejea baada ya kusimama kwa sababu ya korona, wa pili akaondolewa. Wakati huo huo ikaja sheria ya kuanza upya hesabu: kosa la kuchelewesha mpira halikuleta penalti tena, bali refa anapunga mkono, kengele inalia, na timu inapata mikabo sita mipya bila mchezo kusimama. Mwaka 2021 sheria hiyo ikapanuliwa hadi makosa ya mita 10. Mchezo ukaongeza kasi, na hilo silipingi.

Shida ni kwamba pingamizi la nahodha, yaani haki yake ya kuomba uamuzi ukaguliwe kwa video, lililoanza pia 2020, linakubaliwa tu pale refa aliposimamisha mchezo kwa uamuzi wake. Hesabu ikianzishwa upya mchezo haujasimama, kwa hiyo hakuna cha kupinga. Uamuzi unaotolewa mara nyingi, tena na mtu aliyenyang'anywa msaidizi wake, ndio usiokaguliwa na yeyote papo hapo.

Marefa wawili peke yao si kinga. Mwaka 2013, katika mechi ya mtoano, Cronulla iliifunga North Queensland Cowboys 20-18, na mguso mmoja (try, mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa goli) ulipatikana kwenye mkabo wa saba, ambao haukupaswa kuwapo. Marefa wawili walikuwapo. Fainali ya 2019, Sydney Roosters na Canberra Raiders wakiwa 8-8, refa alipunga mkono kuonyesha hesabu mpya, kisha akarekebishwa na wenzake: bado ni mkabo wa mwisho. Marekebisho yalikuwa sahihi. Lakini Jack Wighton wa Raiders alikuwa amefuata mkono, akakabwa na mpira mikononi badala ya kupiga teke. Mpira ukaenda kwa Roosters, James Tedesco akafunga, na mechi ikaisha 14-8. Kilichokosekana hapo ni utaratibu: mkono usipande kabla sauti za wenzako hazijafika masikioni.

Ukija kwenye video yenyewe, ina mipaka ambayo watazamaji huisahau. Kamera ya picha 50 kwa sekunde huacha pengo la sekunde 0.02 kati ya picha moja na nyingine. Mpira unaokwenda mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 20 katika pengo hilo, na ugomvi wenyewe ni wa sentimita tano. Pasi ya mbele, ambayo ni kosa katika raga, ni ngumu zaidi kuamua. Mkimbiaji wa mita nane kwa sekunde akirusha mpira nyuma kwa mita mbili kwa sekunde, bado mpira unasonga mbele kwa kasi ya mita sita. Katika nusu sekunde umepita mita tatu mbele ya pale ulipotoka, na pasi ni halali, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mwelekeo wa mikono. Kamera ya pembeni inayoonyesha mistari ya uwanja inadanganya kabisa, ndiyo maana Bunker, yaani chumba cha video cha pamoja kilichofunguliwa Sydney 2016, hakikupewa kazi ya kuamua pasi hizo. Sawa kabisa.

Mwendo wa polepole nao hubadilisha tendo. Kidole kilichoteleza kidogo juu ya mpira huonekana kama mpira uliodondoka. Picha ya kwanza ichezwe kwa kasi ya kawaida, ya polepole ifuate pale tu inapotafutwa sehemu ya mguso, mguu juu ya mstari au mkono juu ya mpira.

Kisha kuna kubahatisha. Tangu 2013 refa analazimika kutangaza mguso au si mguso kabla ya kuomba video, na uamuzi wake unabaki mpaka upatikane ushahidi wa kutosha kuupinga. Kama aliona, vizuri. Kama miili minne ilimziba, anakisia, na kisio hicho kinabebwa kama ushahidi. Aruhusiwe jibu la tatu, "sikuona", na chumba cha video kiamue bila mzigo wowote. Na yule refa wa pili arudishwe pale mpira unapochezwa.