Swali la Kumi na Nne

Mwalimu aliniita baada ya kipindi, akanikabidhi karatasi yenye orodha ya maneno na kusema, "Zoezi la wiki ijayo utatunga wewe." Hakueleza zaidi, na sikuhitaji maelezo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimesema, kwa sauti iliyomfikia, kwamba majibu ya maswali yake mengine yanajitangaza yenyewe.

Lilikuwa darasa la jioni la Kiingereza, la watu wazima waliotoka kazini na kuja moja kwa moja. Kiingereza cha kuulizia njia tulikuwa nacho. Tulichopungukiwa ni msamiati, ule unaomwezesha mtu kusoma barua ya ofisini bila kubahatisha, au kuandika ripoti bila kurudia "good" na "bad" katika kila aya. Dawa ya mwalimu ilikuwa moja na haikubadilika: kila wiki maneno 20, na mwisho wa wiki maswali 20, kila swali sentensi yenye pengo na majibu manne ya kuchagua. Hakuna wiki iliyorukwa. Mwenye homa alifanya lake akipona.

Nilianza kwa mbwembwe. Kwa kuwa niliruhusiwa kuongeza maneno yangu mwenyewe, nilifungua kamusi nene nikachota ya kutisha: "lugubrious", "perspicacious", na lile "sesquipedalian" linalosema maneno marefu kupindukia huku lenyewe likiwa refu kupindukia. Nikaona nimewakomesha. Mwalimu aliyapitishia wino mwekundu yote matatu.

"Haya utakutana nayo lini?"

Yeye alikuwa mtu wa orodha. Katika jalada lake kulikuwa na ile ya Michael West ya mwaka 1953, ya maneno ya msingi yapatayo 2,000 yanayobeba sehemu kubwa ya Kiingereza cha kila siku, na ile ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, kama "establish", "require" na "significant". Mtu azimalize hizo kwanza, alisema, ndipo aende kuchezea maneno ya mapambo. Sijakubaliana naye kabisa hadi leo. Neno moja la mapambo kwa wiki humpa mwanafunzi raha, na mwenye raha hurudi. Lakini kalamu nyekundu ilikuwa yake.

Kisha akauliza, "Na ya zamani yako wapi?" Kwake zoezi lisilo na maneno ya wiki zilizopita lilikuwa nusu zoezi. Alipenda kumtaja Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kusahau huja mbio mwanzoni, sehemu kubwa ikipotea ndani ya siku ya kwanza, kisha mwendo hupungua. Kwa hiyo neno lirudishwe kabla halijapotea lote. Hilo nilikuwa nikilifanya nyumbani kwa kisanduku cha vyumba vitano, utaratibu uliopata umaarufu miaka ya 1970 kutokana na mwandishi Sebastian Leitner. Kadi mpya inaanzia chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukipata, inasogea chumba kinachofuata, kinachopitiwa kwa nadra zaidi. Ukikosa, hata kama ilishafika cha tano, inarudi mwanzo kabisa. Zangu nilizikata kutoka majalada ya madaftari yaliyokwisha, neno upande mmoja, sentensi upande wa pili. Nikazipekua, nikatoa matano ambayo nilijua wenzangu watakuwa wameyaacha njiani.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Chukua "reluctant", neno la kwanza kwenye orodha. Nilitaka kusema mtu anasita kutia saini, nikaandika: "She was ___ to sign the form because she had not read it." Jibu sahihi lipo. Sasa nitafute matatu ya mtego. Niliweka "quickly", nikalitoa papo hapo: ni kielezi, na mtu asiyejua lolote kuhusu "reluctant" atalitupa kwa sarufi peke yake. Majibu yote manne sharti yawe aina moja ya neno. Nikaweka "afraid". Nalo linaingia kwenye pengo bila shida. Mtu anaweza kuogopa kutia saini asichokisoma. "Unwilling" pia linaingia. "Hesitant" ndiyo kabisa. Kadiri nilivyotafuta maneno ya karibu ili mtego uwe mkali, ndivyo mtego ulivyogeuka kuwa jibu. Mwisho nilibaki na "eager", "proud" na "glad": yote vivumishi, yote yanafuatwa na "to", na yote yanakwama pale unapofika kwenye "because".

Swali moja hilo, na chai yangu ilikuwa imepoa.

Nikagundua pia kwamba sentensi ndiyo inayobeba kazi. Ukiandika "He bought a ___ car", lugha nzima inaingia humo. Pengo lazima lizungukwe na maneno yanayolibana hadi libaki neno moja tu la kulijaza, na kulibana huko kunakudai ujue mambo ambayo kujibu hakukudai. Nilipokuwa mjibuji ilitosha kujua neno linakaa wapi. Sasa nilitakiwa kujua linakataa kukaa wapi: kwamba mvua kwa Kiingereza ni "heavy", si "strong", ilhali upepo ni "strong", si "heavy", na hakuna kanuni ya kuitegemea. Ndivyo maneno yanavyozoeana. Hata sisi mgeni akituuliza kwa nini picha tunaipiga, simu tunaipiga, deki tunaipiga na pasi pia, tutamjibu nini zaidi ya "ndivyo tunavyosema"?

Yaliyobaki yalikwenda haraka, isipokuwa nilipoyakagua nikaona kwamba jibu sahihi lilikuwa C karibu kila swali. Sikukusudia, mtu anayeficha kitu hupenda kukificha katikati. Na pale ambapo si C, jibu sahihi lilikuwa refu kuliko mengine, kwa sababu nililitungia kwa uangalifu na yale mengine kwa uchovu. Nilikata vijikaratasi vinne, nikaviandika herufi, nikapiga kura swali kwa swali. Nadhani ndiyo njia pekee ya haki.

Siku ya zoezi nilisimama mbele na karatasi zangu, nikazigawa, nikakaa pembeni ya mwalimu kama mkaguzi. Kuna ladha yake kuona watu wazima wakikunja uso juu ya sentensi uliyoiandika wewe. Muuguzi mmoja alikuwa akitingisha kichwa kwa kila swali. Palikuwa kimya mpaka tulipoanza kusahihisha kwa sauti, tukafika namba 14.

"The meeting was ___ until Monday because the chairman fell ill." Majibu: "cancelled", "postponed", "abandoned", "adjourned". Nikatangaza kwamba jibu ni "postponed".

Mkono wa karani ukapanda. Alikuwa mtu mzima kuliko sote, karani wa mahakama, mwenye sauti ya kuita kesi.

"Mwalimu, hapa kuna mawili."

"Mzee, mimi si mwalimu wa leo," mwalimu akajibu, akaninyooshea kidole. "Mtunzi huyu hapa."

Nilikuwa na hoja tayari, maana hilo neno nililiweka kwa makusudi. Kwa Kiswahili yote mawili tunayaita kuahirisha, na hapo ndipo nilipotega. Kamusi yangu ilisema "adjourn" ni kusimamisha kikao kilichokwisha kuanza, kiendelee baadaye. "Postpone" ni kusogeza mbele kitu ambacho hakijaanza. Nikaeleza hivyo, nikajiona wakili.

"Vizuri," karani akasema. "Sasa nionyeshe kwenye sentensi yako ni wapi pameandikwa kwamba mkutano haukuwa umeanza. Mwenyekiti hawezi kuugua mkutano ukiendelea?"

Darasa likapasuka. Nusu walikuwa wamechagua kama yeye, na sasa walikuwa na mtetezi. Muuguzi akasema "fell ill" ni jambo la ghafla, kwa hiyo hata yeye alimwona mwenyekiti akianguka mbele ya meza. Mwingine akauliza kwa nini basi isiwe "cancelled". Hilo angalau lilikufa haraka: kilichofutwa hakifutwi hadi Jumatatu, "until" inalikataa. "Abandoned" nalo likafa kwa ugonjwa huohuo. Yale mawili yakabaki yamekabana koo.

Karani hakuwa amemaliza. Akasema kazini kwake kesi inaitwa, shahidi hayupo, hakuna aliyesema neno, na bado hakimu anasema "adjourned" hadi tarehe fulani. Kwa hiyo hata mpaka wangu wa "kimeanza, hakijaanza" haukuwa ukuta, ulikuwa mstari wa chaki. Tukaangalia kamusi nyingine ya darasani. Ilikuwa upande wake zaidi kuliko upande wangu.

Mwalimu ndipo aliposimama, na kama kawaida yake hakuamua kesi. Aliandika maneno yote mawili ubaoni. "Postpone" limetoka Kilatini, alisema, na ndani yake mna kuweka kitu baadaye. "Adjourn" limekuja kwa njia ya Kifaransa cha kale, na ndani yake mna siku: kukipeleka kitu hadi siku iliyotajwa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, kikawa lugha ya watawala, na mahakamani kiliendelea kutumika kwa karne kadhaa. Ndiyo maana neno hilo bado linaishi kwa karani na si kwa muuguzi. Akamgeukia karani, akasema, "Mzee umekulia ndani ya neno hili, mwenzako amelisoma." Karani akatabasamu kama aliyeshinda rufaa.

"Alama mtazipata," mwalimu akaendelea, "lakini si bure. Kila mmoja achukue sentensi ya namba 14, aongeze maneno machache, hadi jibu lake liingie na la mwenzake likatae."

Ikawa hiyo ndiyo kazi iliyotumaliza muda wote uliobaki. Wa "adjourned" walifika upesi: "halfway through the discussion", katikati ya majadiliano, na "postponed" ikaanguka yenyewe. Upande wangu ulikuwa mgumu. Tuliandika "before it could begin", karani akatukumbusha kesi zake zisizoanza. Tukaandika kwamba barua zilitumwa wiki moja kabla kuwajulisha wajumbe wasije. Akafikiri, akakuna kidevu, akasema hiyo anaikubali, kwa sababu mahakamani watu huja kwanza ndipo waambiwe warudi. Sentensi ilikuwa imejaa mistari mitatu ubaoni. Nadhani hakuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo darasa lile lilitoka likiyajua vizuri kuliko yale, na wapo waliokuwa wameyapata kwenye zoezi mara nyingi tu kabla ya hapo bila kuyajua.

Tangu wiki hiyo mwalimu aliacha kutunga. Kalamu ikawa inazunguka, kila wiki mtunzi mwingine, na sheria mbili tu: robo ya maneno iwe ya zamani, na mtunzi awe tayari kutetea kila jibu la mtego. Aliyefuata baada yangu alikuwa karani. Maneno yake mapya yote yalitoka kazini kwake, "perjury", "bail", "plaintiff" na mengine ya ukoo huo, na mwalimu mwenyewe, aliyekaa kufanya zoezi pamoja nasi, akakosa mawili na kudai marejeo.