Glovu namba saba: siku yangu moja thieta, na mimba ya wiki 30

Saa 11 alfajiri. Mtoto ananiamsha kabla ya adhana. Nakula ming'oko, viazi vyetu vya porini, ya jana ikiwa baridi, nimesimama, huku mume wangu amechuchumaa ananifunga kamba za viatu. Miguu yangu mwenyewe siku hizi siioni.

Saa 1. Bajaji kutoka Shangani, hapa Mtwara, mpaka hospitali. Dereva anakwepa mashimo kama aliyebeba mayai, na mimi simkatazi.

Saa 2. Raundi ya wodi. Kitanda cha dirishani kuna mzee mvuvi wa Msanga Mkuu, mgonjwa wa busha. Kwetu Kusini ugonjwa huu si mgeni: mbu anaeneza minyoo ya matende, na miaka inapita mtu akificha tatizo ndani ya msuli aliojifunga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mpasuaji anakuja saa ngapi?"

"Ndiye mimi."

Akatazama tumbo, akanitazama usoni, akarudi kwenye tumbo. "Na hali hiyo?"

"Na hali hii hii, babu."

Saa 3 na nusu. Thieta. Glovu zangu tangu masomoni ni namba sita na nusu, lakini vidole vimevimba. Sista hakuuliza kitu. Alifungua pakiti ya namba saba, akasogeza na kigoda. Busha nalitoa nimekaa. Ngiri siwezi, naifanya nimesimama ubavu, maana tumbo linafika mezani kabla ya mikono.

Mzee amechomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo yu macho nyuma ya pazia na anasikia yote. Maji yametoka, zaidi ya lita moja. Nimefika kwenye kushona ngozi, mtoto akapiga teke chini ya mbavu nikasimamisha sindano hewani.

"Mbona kimya?" ikauliza sauti ya babu.

"Mtoto anacheza."

"Basi mpishe kwanza amalize."

Mtu wa usingizi alicheka mpaka akashika mashine.

Saa 6. Kijana wa bodaboda, mfupa wa paja. Huyo nimemwachia mwenzangu. Eksirei ya thieta ikiwashwa mimi natoka nje. Aproni ya risasi ya kukinga mionzi ni nzito na mgongo wangu una mzigo wake tayari.

Saa 7. Chai, na hesabu. Nina miaka 36. Udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo mmoja, kazi wilayani, kisha masomo ya upasuaji. Muda wote huo kijiti cha uzazi wa mpango kilikuwa mkononi. Muda wake ulipoisha nikaweka kingine. Mtoto nilimtaka. Ila mkubwa mmoja kule nilikosomea alituambia wanawake wawili tuliokuwapo, siku ya kwanza kabisa: "Atakayebeba mimba hapa amejichagulia." Wenzetu wanaume walipata watoto humohumo masomoni, tukawachangia hela za pongezi. Mama yangu kule Newala kila akipiga simu: "Hayo masomo hayaishi, mwanangu?" Nilipotoa kijiti, mimba ya kwanza ikaharibika wiki ya tisa. Siku ya tatu nilikuwa kazini, sikumwambia mtu.

Baadaye nikasoma utafiti wa Marekani wa mwaka 2021: kati ya wapasuaji wanawake 692, asilimia 42 waliwahi kupoteza mimba, na waliokuwa wakipasua saa 12 au zaidi kwa wiki miezi mitatu ya mwisho ya mimba walikuwa na hatari zaidi ya kupata matatizo makubwa ya mimba. Wiki hii mimi nina saa 14, na leo ni Alhamisi.

Saa 9 alasiri. Nimeipeleka barua niliyotembea nayo kwenye mkoba wiki nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mjamzito kupangiwa kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Nimebakiza siku kumi nifike hapo. Likizo yenyewe ni siku 84, mapacha 100, hilo halina ubishi. Usiku ndio wenye ubishi.

Bosi alisoma, akavua miwani. "Sawa, daktari. Na usiku atakaa nani?"

Hakuwa na ubaya. Wapasuaji tuko wawili, na mke wa mwenzangu amejifungua mwezi uliopita. Nilipokutana na mwenzangu koridoni nilishindwa kumtazama. Yeye akasema tu, "Nimesikia. Tutabanana." Nilikasirika, si kwake. Nimeomba haki yangu na bado najisikia kama nimemwibia mtu usingizi.

Saa 12 jioni. Nyumbani, miguu juu ya mto.

Saa 3 na nusu usiku. Simu. Kidole tumbo, msichana wa sekondari, tumbo limekuwa gumu. Siku kumi hazijaisha, zamu bado ni yangu. Bajaji ileile.

Saa 6 usiku. Msichana yuko salama. Nikapita wodini kumwangalia babu. Taa imezimwa, yeye hajalala.

"Hicho kitukuu changu nacho hakilali?"

"Kiko zamu, babu."