Pontecorvo: Jina la Mji Linaloishi Mbali na Mji Wake

Italia ina majina ya koo yanayobebwa na umati wa watu, kama Rossi, Ferrari na Esposito, ambayo kwa wingi wake hayamwelezi mtafiti mengi kuhusu familia moja. Ina pia majina adimu ambayo ukiyafuatilia yanakufikisha katika mji mmoja, mtaa mmoja na pengine karne moja. Pontecorvo ni mojawapo ya hayo, na kati ya majina yote ya Kiitalia niliyowahi kuyachunguza ndilo lililonishika zaidi. Asili yake haina fumbo, kwa kuwa ni jina la mji ambao bado upo na unatembelewa. Jambo la kufikirisha ni kwamba anayetaka kuwapata akina Pontecorvo leo hatawatafuta kwanza katika mji huo, bali Roma, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo.

Mji wenyewe uko katika bonde la mto Liri, kusini mwa mkoa wa Lazio, si mbali na Aquino na Cassino. Jina lake linatokana na maneno ya Kilatini yanayomaanisha daraja lililopinda, na maelezo hayo ni ya lazima hapa kwa sababu baadhi ya watu hulihusisha na kunguru, ndege ambaye kwa Kiitalia huitwa corvo. Kwa mji mdogo kiasi hicho, historia yake ya kisiasa ni ya ajabu. Kuanzia karne ya 15 ulikuwa mali ya Papa, ilhali ardhi yote iliyouzunguka ilikuwa ya Ufalme wa Naples, hivyo ukabaki kama kisiwa cha utawala wa Kanisa ndani ya nchi nyingine hadi mwaka 1860. Mwaka 1806 Napoleon aliufanya kuwa milki ya jemadari wake Bernadotte na kumpa cheo cha mwanamfalme (Prince) wa Pontecorvo. Ni Bernadotte huyo huyo ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Sweden, na kizazi chake kinakalia kiti hicho mpaka sasa. Siku hizi watu wengi wa Italia huufahamu mji huu kwa pilipili hoho zake nyekundu, ambazo tangu mwaka 2010 jina lake linalindwa na sheria za Ulaya.

Kwa nini, basi, jina limehama na mji umebaki? Jibu liko katika namna majina ya aina hii yanavyozaliwa. Ndani ya Pontecorvo hakukuwa na haja ya kumwita mtu Mpontecorvo, kwa kuwa kila jirani alikuwa hivyo. Jina la mji humshika mtu pale anapouacha mji na kufika mahali ambapo wenyeji wanahitaji njia ya kumtofautisha na wenzake wenye jina kama lake. Msomaji wa pwani yetu anaijua desturi hii vizuri kupitia nisba, yaani jina la Kiarabu linalotaja mahali mtu alikotoka: Sheikh Uways, aliyezaliwa Barawa na kufika hadi Zanzibar katika karne ya 19, alijulikana huko ugenini kama al-Barawi. Jina la namna hiyo ni kumbukumbu ya safari, na katika habari ya Pontecorvo safari yenyewe haikuwa ya hiari.

Akina Pontecorvo wanaojulikana katika historia ni Wayahudi wa Italia. Kusini mwa Italia kulikuwa na jumuiya za Kiyahudi tangu enzi za Dola la Kirumi, nazo zilivunjwa katika muda wa nusu karne hivi. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wa Sicily na Sardinia. Mwaka 1510 ikafuata amri ya kuwafukuza wengi wa Ufalme wa Naples, na mwaka 1541 ikatolewa amri ya mwisho iliyowaondoa hata wale waliokuwa wamenunua ruhusa ya kubaki. Miji ya Papa ilikuwa kimbilio la karibu, lakini kimbilio hilo nalo halikudumu. Mwaka 1555 Papa Paulo IV aliamuru Wayahudi wa Roma wakusanywe katika mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta kando ya mto Tiber, na mwaka 1569 Papa Pius V akaamuru Wayahudi waondoke katika miji yake yote ya Italia isipokuwa Roma na Ancona. Amri hii ya pili ndiyo ninayoiona kuwa na uzito mkubwa zaidi katika historia ya jina letu, maana iliwagusa wote waliokuwa wakiishi kwa amani katika vijiji na miji midogo ya Lazio, ikawasukuma kuelekea ndani ya ukuta ule wa Roma.

Ndiyo maana jina la Pontecorvo halifai kusomwa peke yake. Lina ndugu zake, na ukiyaweka pamoja unapata karibu ramani nzima ya miji ya Lazio iliyopoteza Wayahudi wake katika karne ile ya 16: Di Segni kutoka Segni, Di Veroli kutoka Veroli, Terracina, Tivoli, Sermoneta, Sonnino, Anticoli, na Piperno ambalo limehifadhi jina la zamani la mji unaoitwa sasa Priverno. Koo hizi zote zilikutana katika mtaa mmoja mwembamba uliofurika maji kila Tiber ilipopanda, na kila moja ilibeba jina la mahali ambapo haikuruhusiwa tena kuishi. Sijui mkusanyiko mwingine wa majina ya koo barani Ulaya unaosimulia tukio moja la kihistoria kwa uwazi kama huu.

Namna jina lilivyoganda pia inaeleweka. Familia za Kikatoliki zilipata majina ya kudumu kwa sehemu kubwa kupitia vitabu vya parokia, ambavyo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliokamilika mwaka 1563, ulivifanya kuwa vya lazima kwa ubatizo na ndoa. Wayahudi hawakuandikwa humo. Badala yake Roma ilikuwa na waandishi wa mikataba wa Kiyahudi, ambao kazi zao za kati ya mwaka 1536 na 1640 zimehifadhiwa, mwanzoni zikiwa kwa Kiebrania na baadaye kwa Kiitalia. Mahari, ukodishaji wa chumba, ugomvi wa urithi, ushirika wa biashara ya nguo kuukuu, yote yaliandikwa huko, na mhusika alitajwa kwa jina lake, jina la baba yake na mara nyingi mahali alikotoka. Mwanzoni maneno “kutoka Pontecorvo” yalikuwa maelezo tu. Mtoto aliyezaliwa Roma na ambaye hakuwahi kuuona mto Liri alipoanza kuitwa hivyo hivyo, maelezo yakawa jina. Baadhi ya koo zilibaki na kiunganishi, ndiyo sababu tuna Di Segni na Di Veroli, na nyingine zilikipoteza, kama ilivyotokea kwa Pontecorvo, Tivoli na Terracina.

Hapa ni lazima niweke tahadhari, kwa sababu kuna kosa linalorudiwa mara nyingi mno. Watu wengi, hata Waitalia wenyewe, huamini kwamba kila jina la ukoo linalofanana na jina la mji ni la Kiyahudi. Si kweli. Wakristo pia walihama na kuitwa kwa miji yao, na majina kama Messina, Genovese na Romano yametapakaa katika familia ambazo hazina uhusiano wowote na Uyahudi. Kinachothibitisha habari ya familia ni nyaraka zake. Aidha, si kila mzao wa wahamiaji wale aliyebaki na jina. Tangu mwaka 1543 Roma ilikuwa na nyumba maalumu ya kuwafundisha Wayahudi waliotaka au walioshinikizwa kubatizwa, na aliyebatizwa kwa kawaida alivishwa jina jipya, mara nyingi jina la ukoo la msimamizi wake wa ubatizo. Matawi mengi ya koo za kale yameingia kwa njia hiyo katika jamii pana ya Roma bila kuacha alama katika ramani yoyote ya majina.

Ukuta wa mtaa ule ulibomolewa mwaka 1848, lakini vikwazo vya kisheria viliisha kabisa baada ya jeshi la Italia kuingia Roma tarehe 20 Septemba 1870. Kwa karne tatu koo za ndani ya ukuta zilikuwa zimeoana zenyewe kwa zenyewe, na ufukara ulikuwa umewabana watu wengi kiasi kwamba uhuru ulipokuja hawakuwa na uwezo wa kwenda mbali. Hiyo ndiyo sababu kuu ya jina kubaki limejikusanya Roma. Ukaribu huo ulikuja kuwa hatari ya kifo. Tarehe 16 Oktoba 1943 askari wa Kijerumani waliuzunguka mtaa wa zamani na sehemu nyingine za jiji, wakakamata familia nzima nzima. Zaidi ya watu 1,000 walipelekwa Auschwitz, na waliorudi ni 16 tu. Majina ya miji ya Lazio yamejaa katika orodha ya waliokufa katika miaka ile, na Pontecorvo limo. Anayetazama idadi ya wenye jina hili leo na kushangaa uchache wao lazima aihesabu siku hiyo pia.

Nje ya Roma, tawi lililojulikana zaidi lilikuwa Pisa. Huko Toscana mambo yalikwenda kwa njia tofauti kabisa: mwaka 1591 na 1593 Mtawala Ferdinand I wa ukoo wa Medici alitoa hati zilizowaalika wafanyabiashara wa mataifa na dini mbalimbali, wakiwamo Wayahudi, kuishi Livorno na Pisa kwa uhuru mkubwa. Karne ya 19 ilipofika mwisho, akina Pontecorvo wa Pisa walikuwa wenye viwanda vya nguo, nao waliishi maisha ambayo binamu zao wa jina moja kando ya Tiber wasingeweza hata kuyaota. Katika familia hiyo Massimo Pontecorvo alipata watoto wanane, na watatu kati yao walilipeleka jina hilo duniani. Guido, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa mtaalamu wa jenetiki. Bruno, aliyezaliwa mwaka 1913, alisoma fizikia na kuingia katika kundi la vijana wa Enrico Fermi huko Roma. Gillo, wa mwaka 1919, aliongoza filamu, na ile aliyoitengeneza Algiers kuhusu mapambano ya Waalgeria dhidi ya Ufaransa ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Venice mwaka 1966.

Sheria za kibaguzi za mwaka 1938 zilipowafungia Wayahudi wa Italia milango ya shule, vyuo na kazi za serikali, ndugu hao walitawanyika. Guido alikwenda Scotland, akafanya kazi Edinburgh kisha Glasgow, ambako mwaka 1955 alikuwa profesa wa kwanza wa jenetiki wa chuo kikuu hicho. Bruno alikuwa tayari Paris. Mwaka 1940 Wajerumani walipokaribia aliondoka kwa baiskeli kuelekea kusini, akavuka hadi Marekani, akafanya kazi Tulsa katika utafiti wa visima vya mafuta, kisha akahamia Kanada. Tarehe 23 Mei 1944, Bruno akiwa Kanada, askari wa Kanada walipigana vita vikali kuvunja ngome za Wajerumani karibu na mji wa Pontecorvo, ambao uliharibiwa vibaya sana. Sidai kwamba kuna maana iliyofichika katika tukio hilo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi jina na mji vilivyokuwa vimetengana kufikia wakati huo.

Baada ya vita Bruno alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Harwell, Uingereza, na mwaka 1950 alitoweka na familia yake kupitia Finland, akaingia Umoja wa Kisovieti, akaishi Dubna hadi alipofariki mwaka 1993. Huko mwaka 1957 alipendekeza wazo kwamba chembe ziitwazo nyutrino zinaweza kubadilika zikiwa safarini, wazo ambalo lilithibitishwa baadaye na majaribio yaliyopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wanafizikia duniani kote hulitaja jina Pontecorvo wanapoandika hesabu za mabadiliko hayo. Mjini Pisa, majengo ya fizikia na hisabati ya chuo kikuu yako katika uwanja uitwao Largo Bruno Pontecorvo. Hivyo jina lililotoka mahali na kuwa la watu limerudi kuwa jina la mahali, ingawa si mahali pale lilipoanzia.

Jambo moja ambalo ramani za mtawanyiko wa majina haziwezi kulionyesha ni akina mama, na kwangu hili ndilo pungufu lao kubwa. Emilio Sereni, mwanahistoria wa kilimo na waziri wa Italia baada ya vita, na Eugenio Colorni, mwanafalsafa aliyehariri Ilani ya Ventotene kuhusu Ulaya iliyoungana na aliyeuawa Roma mwezi Mei 1944, wote wawili mama zao walikuwa wa ukoo wa Pontecorvo. Anayehesabu majina tu atawakosa. Jina adimu linaweza kufa ndani ya kizazi kimoja mahali ambapo familia ina mabinti peke yao, ilhali damu na kumbukumbu zinaendelea chini ya majina mengine. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kwamba mtoto apewe majina ya wazazi wote wawili, isipokuwa wazazi wakikubaliana vinginevyo, na natarajia uamuzi huo utayapa majina ya aina hii nafasi ambayo hayakuwahi kuwa nayo.

Kwa sasa Pontecorvo linabaki kuwa jina la Roma zaidi ya mahali pengine popote, likiwa na wachache katika sehemu nyingine za Italia na matawi yaliyofika Uingereza, Urusi, Israeli na Amerika. Mtu wa ukoo huu anayetaka kutafuta wazee wake afanye kinyume cha kile ambacho jina linamshauri: aache kwanza vitabu vya parokia vya mji wa Pontecorvo, ambavyo havikuwaandika wahenga wake, na aanze na kumbukumbu za jumuiya ya Wayahudi wa Roma, kisha arudi nyuma hadi kwenye mikataba ya waandishi wale wa karne ya 16, akimtafuta yule wa kwanza ambaye mwandishi aliona ni lazima aeleze alikotoka.