Mtoto wa mbwa na makochi ya kaka yangu Bamburi

Kila nikija likizo Mombasa lazima mtu aniulize nafanya kazi gani huko Leeds, na nikisema nalea mbwa watu wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Mamangu ndo mbaya zaidi, "mwanangu, uvuke bahari zote hizo ukaogeshe mbwa wa watu?" Ee mama, na hao mbwa ndo wanalipa fizi za shule za wajukuu wako, tuache hapo.

Safari hii nimefikia kwa kaka, mtaa wa Bamburi, nakuta na yeye amechukua mtoto wa mbwa, aina ya jamani shepadi, wa miezi minne, sikio moja limesimama jingine bado, na anakaa ndani. Ndani kabisa, juu ya kochi. Mnajua kwetu mbwa ni wa nje, analala kwa geti na kazi yake kubweka, so nilifurahi, ila hayo makochi sasa! Wifi yangu ana yale makubwa ya kuagiza kwa fundi, foamu imejaa yanakaribia kiuno changu, na chini ni tailsi tupu zinapigwa deki asubuhi na jioni manake mchanga hauishi. Mbwa anaruka kutoka juu anatua kwa miguu ya mbele, inateleza kila mmoja unaenda upande wake, kidevu kinagonga chini pa! halafu anainuka anapanda tena. Watoto wanacheka wanachukua video, mie roho inanidunda.

Kaka akaniambia "dada, huyu ni mbwa si yai." Sawa, lakini sikia. Mbwa hata akisimama tu, kama asilimia 60 ya uzito wake uko mbele, kwa hivo akishuka kwa kuruka miguu ya mbele ndo inabeba kishindo chote. Na mifupa ya mtoto haijakomaa, karibu na ncha zake kuna tabaka la gegedu, laini, hapo ndo mfupa unaongezeka urefu na hapo ndo dhaifu kuliko penginepo. Pakiumia mfupa unaweza kuacha kukua. Sasa mguu wa mbele una mifupa miwili inayokua pamoja, mmoja ukisimama na mwenzake akiendelea mguu unapinda, na hio haikandwi kwa mafuta ya nazi ikaisha, hio ni oparesheni. Mbwa wa aina ndogo gegedu hio inafunga, yaani inageuka mfupa, mapema, wengi kabla ya mwaka, wa aina kubwa kama huyu ni mwaka mpaka mwaka na nusu. Msione hao wa aina ndogo wamepona lakini, wale wa miguu myembamba wanavunjika kwa kuruka kochi tu, kazini tunawaona, na wale wa mgongo mrefu miguu mifupi wanasumbuliwa na pingili za mgongo hata wakishakomaa.

Simaanishi afungwe. Kukimbia kwake mwenyewe kwenye nyasi au mchanga bapa anataka, tena sana, akichoka aachwe alale.

Tulichofanya, kwanza ni sakafu. Wifi akatandika mkeka, na mkeka wa ukindu juu ya tailsi unateleza wenyewe na mbwa juu yake, mbaya kuliko mwanzo. Tukaenda Kongowea kwenye mitumba tukapata zulia zito lenye mpira chini, hilo halisogei. Kisha fundi akatengeneza ubao wa kupandia, mrefu, usiwe mwinuko mkali, tukapigilia kipande cha zulia juu kucha zipate kushika. Usimsukume mbwa apande siku ya kwanza, ulaze chini kwanza atembee juu yake kwa vipande vya kuku, ndo uinue kidogo kidogo. Na kama hana ruhusa ya kochi basi iwe hana kwa wote, si baba anakataza na watoto wanampandisha baba akitoka.

Watoto ndo nilikaa nao sana. Walikuwa wanamwinua kwa mikono ya mbele ananing'inia! Nikawaonyesha, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, umbane kwenye mwili wako, na ukimshusha usiachilie mpaka miguu yote minne iguse chini. Wengi wanaanguka hapo hapo, sentimita za mwisho, manake mtoto anachoka anaachia.

Pia afundishwe asirukie wageni. Majirani wa kaka wengi ni Waislamu, mtu amevaa kanzu yake anaenda msikitini alambwe na mbwa si adabu, na zoezi ni lile lile la vipande vya kuku, miguu minne ikiwa chini ndo anapewa kitu.

Ah na kaka alikuwa ameshanunua kalsiamu agroveti "mifupa iwe ngumu." Nikaificha. Kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa anayekula chakula kamili cha watoto wa mbwa, kalsiamu ya ziada inaharibu mifupa badala ya kuijenga. Akichechemea au mguu ukivimba ni vetinari, msimpe ibuprofeni ya binadamu, ni sumu kwake.

Bado kitanda cha wifi, nacho kirefu balaa. Fundi ameahidi ubao wa pili Ijumaa, na Ijumaa ya fundi mnaijua, so kwa sasa mlango wa chumba unafungwa na mbwa analia nje yake kama kafiwa.