Nimekaa tu

Jumatano niliandika namba ya uongo kwenye fomu ya mgonjwa, na bado inanikera. Namba yenyewe ndogo tu: 20. Kila anayefanya kazi mapokezi ya dharura anaijua hiyo ishirini. Unapima presha, mapigo na joto, ukifika kwenye pumzi unaandika 20 na kumwita anayefuata, maana kuhesabu pumzi kunataka dakika nzima na foleni imeshafika getini.

Mzee alikuwa benchi la mwisho, karibu na ndoo ya kunawia, kofia yake kaiweka mapajani. Pembeni yake kuna mtoto aliyeanguka kwenye mwembe, mkono umevunjika, anapiga kelele mpaka watu wa maabara wakachungulia. Mama yake kaning'ang'ania koti.

"Shikamoo babu."

"Mara... haba."

"Unaendeleaje?"

"Salama tu. Mhudumie mtoto, mwanangu. Mimi nimekaa tu."

Nami nikamshukuru! Hapo ndipo panaponiuma. Nikamwambia ahsante kwa uvumilivu, nikaandika 20, nikampa kijani, rangi ya wanaoweza kungoja, nikaenda kumfunga mtoto banzi. Vidole vya mtoto vilikuwa na joto na vinacheza. Mkono wa namna hiyo unaweza kungoja kidogo. Tena anayelia ana hewa ya kulilia. Wanafunzi nawaambia hivyo kila mwaka, kwa mdomo wangu huu huu: anzeni na aliyenyamaza.

Nimekaa tu. Nimelisikia nikiosha vyombo, nimelisikia kwenye daladala. Mtu akisema hivyo tunaelewa hana shughuli, hana haraka. Kumbe babu alikuwa ananieleza ugonjwa wake. Alikuwa amekaa kwa sababu kulala hawezi. Mkewe alituambia baadaye, ule ulikuwa usiku wa tatu anasinzia kaegemea ukuta, akilala chali anakabwa. Na ile marahaba ilitoka vipande viwili. Niliisikia. Nikasema moyoni, uzee.

Aliyemwona ni mwanafunzi wetu, wiki yake ya pili. Alimshika babu kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, ili asijue kuwa anahesabiwa pumzi, akaitazama saa ya ukutani dakika nzima. Akaja kuninong'oneza: "Sista, mimi nimepata 36. Labda nimekosea."

Hakukosea. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikasoma asilimia 84, chini mno. Kwa chati yetu ya rangi, mtu wa hivyo anatakiwa aonwe ndani ya dakika 10 akichelewa sana. Mimi nilimweka na wanaoweza kungoja mpaka masaa manne, na dakika 40 zilikuwa zimeshapita. Oksijeni, sindano ya kutoa maji, mgongo ukainuliwa, mfuko wa mkojo ukaanza kujaa. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu, moyo umechoka kusukuma.

Barua ya kupandishwa daraja imefika Alhamisi, mahari ya mdogo wangu imepokelewa Jumamosi bila ugomvi, na Baba Nuru anauliza mbona nimenuna.

Ijumaa nilipanda wodini, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga tangu kwenye ngazi. Nikamkuta babu amelala. Mto mmoja tu, mdomo wazi, anakoroma. Mkewe akataka kumwamsha, nikamzuia. Nikasimama miguuni pa kitanda nikamhesabu, dakika nzima bila kuiba hata sekunde: 18. Nilishuka nacheka peke yangu, mlinzi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Radhi sijaomba mpaka leo.

Zamu ya jana nimehesabu kila mtu. Foleni ilikwenda kwa mwendo wa kobe na nimetukanwa na watu wawili, mmoja kwa vina na mizani kabisa.

Halafu tangi la maji linavuja tena, pale pale. Yule fundi mliyenionya nisimlipe zote hapokei simu, na Nuru kaweka beseni chini yake, kila asubuhi nalikuta limefurika.