Nani Abaki Chumba cha Marubani?

Swali hili limenikaa kichwani tangu jana: je, ipo siku abiria watapanda ndege isiyo na rubani? Kwa uwezo, mashine imeshafika mbali. Otopailoti, mfumo unaoendesha ndege bila mkono wa rubani, ndiyo inayoshika ndege sehemu kubwa ya safari ndefu, na kutua yenyewe kwenye ukungu mzito si jambo geni. Mwaka 2020 kampuni ya kuunda ndege ya Airbus ilimaliza majaribio ambamo ndege yake ya A350 ilipaa na kutua kwa kutumia kamera, marubani wakiitazama tu. Sibishani na anayesema inawezekana.

Ila kila nikiwaza hivyo, mawazo hunirudisha 15 Januari 2009. Ndege aina ya A320 ya shirika la US Airways yenye watu 155 iliondoka New York, na muda si mrefu ikagonga kundi la bata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Wengi tunakumbuka ilivyotua juu ya mto Hudson na wote wakapona. Kinachonigusa zaidi ni jambo dogo. Kapteni Sullenberger aliwasha mapema ile injini ndogo ya mkiani inayozalisha umeme, hakungoja ifikiwe kwenye orodha ya hatua za dharura. Pembeni yake rubani msaidizi, Jeff Skiles, alikuwa akihangaika kuziamsha zile kubwa. Kwa umeme ule kompyuta ziliendelea kufanya kazi, nazo zikaizuia pua isiinuke kupita kiasi wakati wa kugusa maji. Yote hayo ndani ya dakika tatu na ushee.

Najua watu nao hukosea. Mwaka huohuo, 1 Juni, mirija ya kupimia kasi ya ndege ya Air France iliziba kwa barafu juu ya Atlantiki. Otopailoti ikajitoa, ikawaachia marubani usukani usiku, tena katikati ya mawingu ya dhoruba. Mmoja akavuta pua juu badala ya kuishusha, na watu 228 wakafa. Wapo wanaolitaja tukio hili kama ushahidi kwamba rubani aondolewe. Mimi naliona kinyume: wale walikuwa wamezoea kuachiwa kazi ya kutazama tu, kisha wakakabidhiwa ndege pale ilipokuwa ngumu kuliko wakati wowote. Na mashine nayo huamini inachoambiwa. Kwenye ajali mbili za ndege za Boeing 737 MAX, mwaka 2018 na 2019, mfumo ulitegemea kihisio kimoja, kikakosea, ukaisukuma pua chini tena na tena. Watu 346 hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo ndege tupu kabisa hainitishi kama ile hatua ya katikati, inayozungumzwa sasa kwa nguvu: kubakiza rubani mmoja, walau ndege ikiwa imetulia juu na mwenzake amelala. Huyo mmoja atatazama skrini saa nyingi, halafu kengele ilie, mashine ijitoe, aamue peke yake. Nani atamwambia kwamba anavuta usukani upande usiofaa?

Na tusisahau ndege ya shirika la Germanwings, Machi 2015. Rubani msaidizi alimfungia kapteni nje akaishusha ndege milimani makusudi, watu 150 wakafa. Nikisoma mapendekezo ya rubani mmoja, kitu cha kwanza ninachotafuta ni jibu la hilo, na hadi leo sijaridhishwa na lolote nililoliona.